Kakangu, robota bado liko chini ya kitanda cha mama

Kakangu,

Naandika hapa kwa sababu simu zangu hushiki, nikituma meseji naona tiki mbili za buluu halafu kimya. Siku ya maziko ya mama umenipa mkono kama mtu wa mtaa wa pili. Haya. Wengine wakisoma na wasome, mimi naongea na wewe.

Ulikuwa ukinicheka we! "Simu haiokoti taka." Kila nikiposti #BanPlasticsKE unaniambia umekaa mkekani unamaliza bando na mtaro hapo nje umeziba juala, hii mifuko ya plastiki, mvua ikinyesha maji mpaka jikoni. Na kweli yalikuwa yakiingia. Nikakueleza kuna mpiga picha wa Nakuru, James Wakibia, anapiga picha juala zilivyozagaa barabarani na jaani, anazitupa mtandaoni, sisi tunazisambaza. Ukanijibu serikali ilijaribu 2007, ikajaribu tena 2011, na juala ziko palepale, sembuse hashtagi.

Basi Februari 2017 marufuku ya juala ikatoka kwenye gazeti rasmi la serikali, miezi sita, mwisho tarehe 28 Agosti. Faini milioni 2 mpaka 4, au jela hata miaka 4. Nawe ndo kwanza ukaenda soko la Kongowea kuongeza mzigo kwa pesa za chama cha akiba, marobota matatu ya juala, eti bei imeshuka na wenye viwanda wako kotini watashinda. Nilikwambia usinunue, nilikwambia mbele ya mama, usinifanye mimi adui. Siku tatu kabla ya tarehe koti ikawakatalia.

Jumapili ile usiku ukaja na robota moja begani, ukalibwaga hapo mkekani nilipokaa na simu yangu, ukasema, "Posti na hili." Sikukujibu. Hilo nakusamehe, ulikuwa na deni. Ninachoshindwa kusahau ni mama. Alikuwa ametoa mahamri, akachomoa juala moja kwenye lile robota akufungie upeleke kwa watoto, kama alivyofanya maisha yake yote, halafu akasimama nalo mkononi akaniangalia mimi. Mimi! Mama yangu mzazi, nyumbani kwake, ananiomba ruhusa kwa macho. Nami sikusema kitu, nikaangalia simu. Akayarudisha mahamri kwenye sinia, wewe ukaondoka mikono mitupu, na toka siku hiyo hujala tena chakula cha nyumba ile nikiwepo.

Ungekula tu, jamani. Mama alikuwa akikuwekea.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi ya Jumatatu niliandika "tumeshinda", watu wakanipongeza, nikajibu mmojammoja mpaka adhuhuri. Jioni wifi akanipigia analia habari ya deni la chama, nikamwambia wifi mimi sina uwezo huo, ile ni amri ya waziri, mimi ni nani. Siku moja, midomo miwili. Lakini ningesemaje? Tulikuwa maelfu, na sahihi ni ya waziri, Judy Wakhungu, si yangu, na ng'ombe waliokuwa wakichinjwa na juala tumboni sikuwalisha mimi. Hata wewe jiangalie: ulisema hashtagi haiwezi kitu, halafu ukanilaumu kwamba hashtagi imekufilisi. Chagua moja basi. Na mimi nitachagua moja, nimejaribu, kila nikichagua "tulishinda" naiona sinia ile.

Mtaro hauzibi kwa juala siku hizi, umejaa chupa za soda, na juala za magendo bado zinapita mpakani kisirisiri. Ila mvua za mwaka huu maji hayakufika jikoni. Mama mwenyewe aliniambia, akacheka, akasema usimwambie kaka'ko atajidai hakusikia.

Tunapanga vyumba vyake sasa. Chini ya kitanda tumelikuta robota lako, amelifunika kanga, kamba haijafunguliwa tena tangu usiku ule, limepungua lile juala moja tu. Kulitumia ni kosa, kulichoma ni kula moshi wake sisi na majirani, na kulipiga picha siwezi, wallahi siwezi. Sijui alikuwa akikuwekea au akinificha mimi.

Arubaini ni Jumamosi baada ya alasiri. Mahamri nitapika mimi, hayatakuwa kama yake. Njoo na kikapu.