Uhuru unaonilinda mimi unamlinda na jirani yangu

Mhariri,

Msomaji wenu aliandika kwamba sisi tulio ughaibuni tumelazimishwa kuwakubali mashoga. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Likoni, Mombasa, na kazi yangu ni kuhudumia wazee hapa Toronto. Hakuna aliyenilazimisha kitu.

Canada ilihalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima mwaka 2005. Msikiti wetu haujatakiwa kumfungisha yeyote ndoa hiyo. Mkataba wa Haki na Uhuru wa 1982, ulio sehemu ya katiba ya Canada, ndio unaolinda uhuru wangu wa dini na wa kuvaa hijabu yangu, na huohuo ndio anaoutegemea jirani yangu wa mlango wa pili, anayeishi na mwenzake wa kiume. Akinyang'anywa yeye, mimi nitashika nini?

Nikirudi zamu ya usiku namkuta keshaondoa theluji ngazini kwangu, na chumvi kamwaga nisiteleze. Ramadhani huniuliza magharibi inaingia saa ngapi, asije akapiga muziki. Nami humpelekea mahamri.

Kwetu Kenya sheria ingali inatishia kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kuifuta mwaka 2019. Kinachoniuma zaidi ni ya mitaani: kijana anafukuzwa kwao, anapigwa, na watu wazima wanatazama. Dini yangu ina msimamo wake na sijaukana, lakini haikunituma nimpige mtoto wa mwenzangu. Naomba gazeti lako liwape nafasi mama za vijana hao nao waandike, hata bila majina.

Mama wa Likoni,
Toronto, Canada