Barua kwa mwanangu: maji ya mvua ndani ya gari

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Unasema kapeti ya ile Corolla yako ya 1998 inalowa upande wa abiria wa mbele kila mvua inaponyesha, na fundi wa hapo mtaani anataka kuzungushia kioo cha mbele silikoni. Mwambie asubiri. Silikoni ikipakwa kabla pa kuvujia hapajajulikana huyafungia maji ndani, na gundi halisi ya kioo haishiki tena juu ya mabaki yake. Ile inayonuka siki ndiyo mbaya kabisa, maana asidi yake hula bati.

Anza kwa kuhakikisha kwamba ni mvua kweli. Kapeti ikilowa siku ya jua baada ya kutembea na AC, kibomba cha kutolea maji ya AC kimeziba. Kikiwa kizima, maji hudondoka chini ya gari. Na ukigusa maji yakateleza vidoleni, yana rangi na harufu tamutamu, hayo ni ya rejeta, yanavuja kwenye hita.

Kisha ukaushe gari, kazi ambayo mafundi wengi huiruka. Chomoa waya hasi wa betri, fungua boliti nne za kiti kwa spana namba 14, ng'oa plastiki ya kizingiti cha mlango, uinue kapeti. Chini yake kuna godoro la pamba linalofyonza maji na kuyashikilia wiki nzima hata kapeti ikiwa kavu juu. Litoe ulianike. Bila hivyo utakuwa unatafuta maji mapya ndani ya maji ya zamani.

Bati likishakauka, linyunyizie poda ya mtoto, pamoja na ukuta wa chini ya dashibodi. Mtu mmoja akae ndani na tochi, milango na vioo vimefungwa. Wewe uwe nje na mpira wa maji usio na kichwa, maji yatoke taratibu tu. Anzia chini ukipanda kwenda juu, kila sehemu dakika tano hadi kumi. Ukianzia juu maji yatateremka yapite kote, usijue yameingilia wapi. Alama ya maji kwenye poda ifuateni kurudi juu, kwa sababu panapolowa si lazima pawe panapovuja. Mashine ya presha ya kuoshea magari usiitumie, inapenya hata mpira mzima.

Kwa dalili zako, mimi ningeanza na chemba iliyo chini ya waipa. Maji yote ya kioo cha mbele huingia humo na kutokea pembeni, nyuma ya madigadi. Gari linalolala chini ya mwembe hujaza chemba hiyo majani, yanaoza na kuwa tope, matundu yanaziba. Maji yanapanda mpaka kwenye njia ya hewa ya feni, na feni yenyewe iko upande wa abiria; yanamwagikia hapo miguuni. Fungua mikono ya waipa, toa plastiki ya juu, zoa uchafu kwa mkono, halafu mimina lita tano polepole. Yakisimama badala ya kushuka, bado kuna kizuizi. Usichokonoe kwa chuma, utakwangua rangi na kualika kutu.

Chemba ikiwa safi, nenda mlangoni. Maji kuingia ndani ya mlango kupitia mpira wa kioo ni kawaida. Yanatakiwa yatokee kwenye matundu ya ukingo wa chini, kwa hiyo yasafishe. Nyuma ya jalada la ndani kuna karatasi ya nailoni inayoyazuia yasije kwako. Aliyewahi kubadilisha spika au rola ya kioo huenda aliirudisha bila gundi. Ibandike kwa mkanda wa butili, ule mweusi unaonata daima, na ncha ya chini iingie ndani ya mlango. Ncha hiyo ikibaki nje, itamwaga maji kwenye kapeti.

Mpira wa mlango upime kwa noti: ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka bila kukaza, hapo mpira umelala. Angalia pia vizibo vya mpira vya nyaya kwenye ukuta wa injini, hasa kama gari liliwahi kufungwa alamu. Mafundi wa alamu hutoboa na kuondoka.

Kioo cha mbele kiwe cha mwisho. Kikithibitika kuvuja, kitolewe chote, kutu isuguliwe hadi bati safi, bati lipakwe praima (rangi ya msingi), kisha gundi ya poliyurethani, mstari mmoja usiokatika. Kupaka juu ya kutu ni kutupa pesa. Gundi ikiwa mbichi, acha dirisha moja wazi kidogo, kwani ukibamiza mlango hewa ya ndani husukuma kioo. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye tyubu, uufuate huo.

Halafu toa tairi la akiba, utazame shimo lake. Ukikuta maji, kagua gasketi za taa za nyuma. Huo ni uvujaji mwingine, hauhusiani na wa mbele. Kapeti usiirudishe mpaka gari lipigwe na mvua kubwa moja na bati libaki kavu.

Baba yako