Barua ya wazi kwa vijana wanaoanza ubingwa bobezi wa mfumo wa chakula na ini

Wanangu,

Nasikia wiki ya kwanza haijaisha na mmeshaanza kugombania zamu za kushika mpira wa endoskopi. Sishangai. Nami nilipoingia fani hii nilikitamani kile kimpira cheusi chenye taa mbele, kinachoshuka umioni na kukuonyesha kwenye runinga kidonda ambacho jana ulikuwa unakibahatisha kwa kubonyeza tumbo. Hamu hiyo msiiache. Neno langu ni kuhusu kabla ya mpira kuingia mdomoni mwa mtu, na baada ya kutoka.

Nikiwa Kanda ya Ziwa, usiku mmoja aliletwa mvuvi wa Ukerewe, katapika damu beseni zima. Macho meupe, hana manjano, ila bandama limevimba hadi kitovuni. Daktari wa zamu alikuwa anakimbizana na ufunguo wa chumba cha endoskopi, mgonjwa hana hata sindano mkononi. Nikamwita arudi. Kwanza sindano mbili nene kwenye mishipa, dripu, seftriaksoni gramu 1 ya kuzuia maambukizi, oktreotaidi ya kupunguza kuvuja damu kama ipo stoo. Damu aongezwe kwa kipimo, himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikifika 7 au 8 inatosha. Ukimjaza, presha inapanda kwenye mshipa unaoingia ini na kule umioni panapasuka upya. Mpira utafuata ndani ya saa 12, mgonjwa akiwa ametulia. Alfajiri tukafunga mishipa minne iliyovimba umioni kwa vipira vidogo vya kubana, damu ikakata.

Ini lake lilikuwa bado linafanya kazi vizuri. Kichocho cha tumbo, alichookota ziwani utotoni, ndicho kilichoweka makovu na kubana njia ya damu. Tukampa propranololi ya kushusha presha ya mshipa ule na prazikwanteli ya kichocho, arudi baada ya wiki nne kufungwa tena. Nyumbani kwake nani mwingine anaoga ziwani? Sikumuuliza. Aliporudi alikuja na binti yake wa miaka tisa, nikaweka mkono tumboni kwa mtoto, bandama likanigusa vidole.

Homa ya ini B nayo ni hivyo hivyo: ukimwona mmoja, waulizie wa nyumbani. Tanzania iliingiza chanjo yake kwa watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata, na hao ndio watakaojaza kliniki zenu. Wengine watakuja na saratani ya ini wakiwa bado vijana wa kazi, wameshazunguka kote. Ukimwandikia mtu tenofovia, dawa ya kukizuia kirusi hicho, mwambie aje na mkewe na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe. Atasema sawa halafu asiwalete. Mkumbushe kila akija.

Sasa aibu yangu. Katika hospitali ambayo sitaitaja, Ijumaa moja foleni ikiwa ndefu, nilimwambia nesi turuke kipimo cha kuvuja. Mpira ulikuwa na tundu dogo kama la sindano. Ukatiwa kwenye maji, maji yakaingia ndani, picha ikafanya ukungu, kisha giza. Ulipelekwa nje kutengenezwa, na kwa miezi saba wagonjwa wetu walipanda basi kwenda Dar. Kuna waliokosa nauli.

Kwa hiyo mwezi huu wa kwanza ombeni kukaa na manesi wanaoosha. Futeni mpira papo hapo kitandani, nyonyeni maji yapite ndani, pimeni kuvuja, kisha mswaki kwenye mirija hadi utoke mweupe. Dawa ya kuua vijidudu haifiki palipoganda damu, hata uloweke mchana kutwa. Suuzeni, pulizeni hewa hadi ukauke, uning'inizwe wima, usikunjwe sandukuni. Nesi akikwambia rudia, rudia, hata kama una digrii tatu.

Nimestaafu, lakini kila Jumanne saa moja asubuhi bado naingia chumba cha kuoshea. Aproni mje nazo, zilizopo hazitoshi.

Mzee wenu