Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeambiwa atakuwa "daktari wa makaratasi"

Mdogo wangu, mesej yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu. Yaani kila uliyemwambia unataka kusomea afya ya jamii kakujibu hivyohivyo, eti miaka yote hiyo ya udaktari halafu ukawe daktari wa makaratasi. Pole sana. Mi sina nguvu ya kubishana nao, ila kuna mama mmoja nataka nikuhadithie, maana tangu nisome habari zake hajanitoka kichwani.

Anaitwa Sara Josephine Baker, Mmarekani, kazaliwa 1873. Akiwa na miaka 16 homa ya matumbo ikamchukua baba yake na ndugu yake wa kiume, ndo akaamua asomee udaktari ili nyumbani pawe na wa kutegemewa. Akamaliza 1898. Akafungua kliniki yake huko New York lakini hela haikuonekana, basi 1901 akaingia idara ya afya ya jiji kama mkaguzi, ikawa kiangazi chote anapanda ngazi za yale majengo ya wahamiaji walivyobanana, mlango hadi mlango, anatafuta watoto wachanga wanaoharisha. Wengi aliwakuta hoi, hakuna tena cha kufanya. Hilo lilimuuma sana.

Sasa sikia hapa. Mwaka 1908, kwenye mtaa mmoja wa wahamiaji hukohuko New York, akaanza kuchukua orodha ya vizazi vilivyosajiliwa, na kabla mtoto hajapata lolote nesi ameshapiga hodi. Hana sindano wala nini, anakaa na mama tu, anamwelekeza anyonyeshe, afungue dirisha hewa iingie, amwogeshe mtoto kila siku, ampunguzie yale manguo waliyomviringishia kwenye joto lote lile. Kiangazi kile, mtaa ule, vifo vya watoto vilipungua kwa 1,200 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Watoto 1,200! Na kilichowapeleka manesi kwenye milango ile ni karatasi, mdogo wangu, orodha ya majina.

Baadae akapewa kitengo kizima cha afya ya mtoto akiongoze, madaktari sita waliopangwa chini yake wakaandika barua za kuacha kazi sababu bosi ni mwanamke. Akawaomba wampe mwezi mmoja tu, wakabaki.

Halafu kuna ile dawa ya macho. Watoto waliokuwa wanazaliwa na mama mwenye kisonono wengi walipofuka, dawa ya matone ipo ila ikikaa kwenye chupa maji yanapungua inakuwa kali, inaunguza macho yaleyale. Yeye akaja na vidonge vidogo vya nta ya nyuki, kila kimoja na dozi ya jicho moja, mkunga anatoboa, anadondosha, basi. Mi hicho kidonge ndo kinanigusa kuliko vyote, kadude kadogo hivyo na mtu anaona maisha yake yote.

Chuo kimoja kikamwita afundishe afya ya watoto, akasema sawa ila na mimi nisome hapo shahada ya udaktari wa afya ya jamii. Wakamwambia wanawake hawapokelewi, akawajibu basi tafuteni mwingine. Wakatafuta, hawakupata. 1917 akaipata shahada yake.

Ile fomu umesema mwisho ijumaa. Ijaze leo, nitumie picha nikusaidie kuangalia kabla hujaituma.