Vekta yenye namba tatu haigeuzwi kwa kubadilisha alama mbili

Mhariri,

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiambiwa ageuze mwelekeo wa vekta (mshale wenye urefu na mwelekeo) yenye namba tatu, mara nyingi hubadilisha alama (+ au -) ya namba mbili za mwanzo, akaiacha ya kimo. Kisha hukagua ukubwa, yaani urefu wa mshale, akaona haukubadilika, akaridhika. Tunawaomba walimu wa Mombasa na watungaji wa karatasi za marudio walikabili kosa hili mapema, kwani ukubwa hauwezi kulifichua.

Chukua kamba ya meli gatini Kilindini. Ukianzia kwenye nguzo, ncha ya melini iko mita 6 magharibi, 3 kusini na 2 juu. Mashariki, kaskazini na juu zikiwa chanya, vekta ni (-6, -3, 2). Urefu wake ni kipeuo cha pili cha 36 + 9 + 4, yaani mita 7. Kutoka melini kurudi nguzoni ni (6, 3, -2): kila namba imezidishwa kwa -1. Anayeandika (6, 3, 2) naye hupata mita 7, lakini kamba yake inaishia hewani, mita 4 juu ya nguzo. Ajumlishe vekta ya kwanza na jibu lake: asipopata (0, 0, 0), amekosea.

Chanzo ni mazoea ya kidato cha pili. Kwenye karatasi bapa, ukiizungusha nusu duara kila mshale unageuka. Katika anga, nusu duara kuzunguka mhimili wa wima hugeuza namba mbili tu, kimo hakiguswi. Wala hakuna mzunguko wowote unaoweza kugeuza vekta zote kwa pamoja, maana zile zilizolala kwenye mhimili wenyewe hubaki zilivyo.

Kwa pembe ni vivyo hivyo. Kamba ile iko kwenye digrii 243 hivi kutoka kaskazini, na mwinuko wa takriban 17. Kinyume chake ni digrii 63, na mwinuko unakuwa -17. Wengi hutoa 180 wakasahau mwinuko.

Na vijana wanaochora majengo kwa kompyuta wazingatie hili: vekta inayosimama wima juu ya uso hupatikana kwa kuzidisha vekta za kingo mbili kwa zao la kivekta (cross product). Ukizigeuza zote mbili, uso utabaki ukitazama kulekule, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Geuza moja tu, au badilisha mpangilio wa kuzizidisha.

Walimu wa hesabu,
Mombasa