Swali la roketi: wengi mmeishia njiani

Asalaam aleikum wanangu. Nimesahihisha lile swali, roketi itafika juu mita ngapi, na wengi mmeandika mita 90. Tizameni tena: roketi ya kilo 2, msukumo nyutoni 60. Toeni uzito, nyutoni 20, zabaki 40; basi kila sekunde kasi yaongezeka mita 20. Sekunde ya 3 injini yazima, kasi ishafika 60, nayo imepanda hizo mita 90. Je, jiwe likishatoka kwenye manati husimama papo hapo? Nayo roketi, kasi ikipungua mita 10 kila sekunde kwa uzito wake, yapanda mita 180 zaidi, jumla 270. (Mafuta yanayopungua na upepo tumevipuuza, msinibishie.)

Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwangu, twaingia kurusha kwa pembe. Mwenye picha ya ile mitambo ya baharini Ngomeni, karibu na Malindi, iliyorusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, aje nayo. Kalkuleta msisahau, jamani.