Mjomba, toleo la 26 liko wapi?

Shikamoo Mjomba.

Marahaba siitegemei. Mwaka wa tatu huu hupokei simu yangu, na ujumbe nikituma unasomwa kisha unakaa kimya. Basi naandika hapa wanapopita watu, kwa sababu najua na wewe unapita. Binti yako ameniambia unasoma kila ninachoandika, halafu unasema, "Huyu mpwa wangu ana maneno mengi." Nimeyatoa wapi, kama si kwako?

Jana nimesoma toleo la 26 la kile kitabu chetu cha katuni, Animal Man. Lile la mwisho. Lile ulilosema halipo.

Kwa wanaopita tu: Mjomba wangu alikuwa na rundo la Animal Man, yale matoleo ya 1988 hadi 1990 aliyoandika Grant Morrison, mengi yakichorwa na Chas Truog. Shujaa mwenyewe, Buddy Baker, alibuniwa 1965 na baadaye akasahaulika kabisa. Anaazima uwezo wa mnyama aliye karibu naye: ndege akipita, anaruka. Ana mke, Ellen, na watoto wawili, na huvaa koti juu ya vazi lake la kishujaa kama mtu anayeona haya kidogo na kazi yake. Mimi nilikuwa na miaka tisa na Kiingereza sikijui. Mjomba alikuwa ananisomea kwa Kiswahili hapo hapo, na kila mtu kwenye hadithi alikuwa na sauti yake.

Na kiganja chako, Mjomba. Unakumbuka kiganja? Kila ukifungua kurasa mbili ulikuwa unaufunika ule wa kulia. "Jicho ni mwizi," ulisema, "linaiba mwisho kabla halijalipa." Ukanifundisha kwamba jambo zito huwekwa nyuma ya ukurasa unaogeuzwa, kwa sababu kurasa mbili zikishakuwa wazi mbele ya msomaji hakuna siri tena. Ukanionyesha ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku cha mchoro na kisanduku kinachofuata: hapa ngumi imeinuliwa, pale mtu yuko chini. "Pigo umeliona?" Sikuliona. "Umelipiga wewe mwenyewe, hapo kwenye weupe." Nimefanya kazi na michoro miaka mingi sasa na sijasikia mtu akilieleza vizuri kuliko hivyo.

Sisemi yote yalikuwa mazito. Mkono wa Buddy uliponyofolewa, akaazima uwezo wa nyungunyungu na mkono ukaota upya, nikashinda bustanini nafukua. Na ulipofika kwa B'wana Beast ulicheka mpaka ukakohoa. Mzungu aliyepata nguvu zake mlima Kilimanjaro, wamemwazimia neno letu kisha wakalichomeka kijimkato katikati, kama pengo la jino. Kila ukimtaja ulikuwa unameza mate pale kwenye mkato. Lakini kwenye toleo la 13, alipomkabidhi mikoba Dominic Mndawe, kijana wa Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi, hukucheka. Ulisoma taratibu.

Toleo la 5 ndilo lililonitoa usingizi. Yule koyote wa katuni, aina ya mbwa wa porini wa Marekani, anayepondwa na mawe na kuanguka magenge, kisha anainuka mzima kwa kuwa katuni ndivyo zilivyo, akapanda kwa mungu wake kuuliza kwa nini. Mungu wake ni mchoraji. Jibu likawa kutupwa kwenye dunia ya damu na nyama, ateseke huko badala ya wenzake. Ukurasa wa mwisho amelala njia panda, na brashi kubwa inatoka juu kuipaka damu yake rangi nyekundu. Nikakuuliza, "Sasa anayepaka anajua kwamba anauma?" Ukasema tulale.

Halafu la 19. Buddy anageuka, anatukazia macho, anasema anatuona. Uligeuza kitabu kikanielekea mimi, na kwa sauti yake ukasema, "Ninakuona!" Nikajificha nyuma ya mlango. Hapo kuna kanuni ya hadithi imevunjwa. Aliyemo ndani ya hadithi hatakiwi kujua kwamba kuna anayemtazama, maana akijua, wewe mtazamaji huna tena pa kusimamia. Utasema hukumjua. Utasema hukuwepo.

Sasa nisikilize hapa, kwa heshima zote.

Mke na watoto wa Buddy wakauawa. Akalipiza kisasi, haikusaidia. Akajaribu mashine ya kumrudisha nyuma ya wakati ili awahi, ikamshinda. Ukafunga kitabu. Nikasubiri kesho yake, na kesho kutwa. Ukasema, "Basi. Imeishia hapo." Nikauliza yaliyobaki. "Hayapo."

Nimeishi na mwisho huo mpaka jana, Mjomba. Kwangu Buddy Baker alibaki mtu wa nyumba tupu.

Kumbe kwenye la 26 anakutana na Morrison mwenyewe, amechorwa humo kama mhusika. Mwandishi anamsimulia Buddy kifo cha paka wake wa kweli. Anakiri kwamba familia aliiua kwa sababu hadithi hunoga hivyo, na kwamba kuwarudisha watu hai si uhalisia. Kisha anawarudisha. Hatoi sababu yoyote ya kishujaa, anawarudisha tu, kwa huruma.

Nikahesabu miaka. Wakati ule mkazamjomba alikuwa amefariki mwaka mmoja tu uliotangulia. Wewe ulikuwa unamsomea mtoto wa watu hadithi ya mjane, usiku, kwenye kiti chake yeye. Ukafika mahali mwandishi anamrudishia mwenzako mkewe kwa kalamu, ukashindwa kunisomea. Nimeelewa. Jana nimelia kwa ajili yako, na nilikuwa bado nina hasira.

Kwa sababu ulinifunika ukurasa, Mjomba. Halafu mimi nilipokufunika wako, ukaninunia miaka mitatu.

Tuseme yaliyotokea, maana familia inayasimulia kama vile nilikulaghai shamba. Bibi alifariki alfajiri. Mama akanipa simu akasema, "Mwambie kaka yangu, mimi siwezi." Nikakupigia. Ulipopokea nikasikia unatafuna, ulikuwa unakula, na una furaha. Nikasema, "Bibi amezidiwa, Mjomba, jitahidi uje." Ukauliza, "Amezidiwa sana?" Nikasema, "Sana." Hilo tu. Si ndivyo watu wanavyoambiwa wakiwa mbali na wako peke yao? Ungepokea neno lile kisha usafiri saa kumi na tano umekaa na mtu usiyemjua? Nilitaka ufike salama. Nilitaka uambiwe ukiwa umeshikwa mkono. Mtu mwenye busara husogeza habari kidogo kidogo, kisanduku baada ya kisanduku, na wewe ndiye uliyenifundisha.

Lakini wewe, badala ya kupanda basi la mchana, ulikwenda kwanza kumtafutia shali, kwa kuwa akiumwa husikia baridi. Basi likakuacha. Ukaja na la usiku. Wazee walikuwa wameshapanga saa na sikuwa na sauti ya kuwazuia. Ulipofika tulikuwa tumeshazika.

Ulisimama mlangoni na begi, na shali mkononi, ya rangi ya zambarau, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Uliona watu wamekaa chini. Hukuwaangalia. Uliniangalia mimi ukaniuliza, "Yuko chumba gani?"

Sikujibu. Hilo ndilo ninaloliota. Nilikuwa na muda wote wa kusema, hata wakati ule, na nikatazama pembeni nikingoja mtu mwingine aseme. Mama ndiye aliyesema.

Kwa hiyo nikikushauri leo kwamba kununa kunazeesha, na kwamba damu ni nzito kuliko maji, najua naipigia debe nafsi yangu. Nimesema nilikuficha kwa ajili yako. Kuna usiku siamini. Kuna usiku naona kwamba kinywa changu ndicho kilichoogopa neno, na wewe ulikuwa kisingizio. Lakini na wewe, je? Yale matoleo ya mwisho ulinificha kwa ajili yangu? Mtoto wa miaka tisa angedhurika nini kwa kusikia kwamba Ellen yuko hai?

Tena kuna ukurasa ungeupenda. Morrison anatoka usiku na tochi, anamulika kilimani kumwita rafiki wa kubuni wa utotoni mwake, kama alivyokuwa akifanya zamani. Hajibiwi. Anaondoka. Akishaondoka ndipo mwanga unapomulika kutoka kule. Anayeuona ni msomaji peke yake. Ungeufunika ule kwa kiganja mpaka nikulilie, nakujua.

Ulikuwa nalo la 26? Nijibu hilo tu, hata kwa kupitia binti yako. Kama ulilichoma, sema ulilichoma.

Na jambo moja ambalo wamekuficha tena. Shali uliyoiacha kizingitini hatukuitoa sadaka kama ulivyoambiwa. Mama anaivaa kila alfajiri akiamka. Imechanika pembeni, na amekataa isishonwe. Anaumwa, Mjomba. Hajazidiwa, anaumwa miguu na presha, na daktari amempa dawa, na anazinywa. Nimekwambia yote. Hakuna nilichobakiza chini ya kiganja.